Kila Hirizi ya Bahati Ina Mwizi Wake

Hirizi ya bahati haina madhara: hii ni rai inayoshikiliwa kwa utulivu mkubwa na watu wasiojihesabu kuwa washirikina, na pengine ni kwa sababu ya utulivu huo haijawahi kuulizwa maswali magumu. Mwenye kuishikilia aghalabu ni msomi au mwajiriwa, ambaye atasema kwamba yeye binafsi haamini kuwa karatasi iliyoshonewa ndani ya kipande cha ngozi yaweza kuvuta wateja dukani, ila haoni sababu ya kumnyang'anya mchuuzi kitu kinachomtuliza moyo. Kisha ataongeza kuwa hirizi ni mila, uchawi ni jambo jingine, na waganga wanaopiga ramli chonganishi, yaani ile ramli inayomtaja jirani au ndugu kuwa chanzo cha mkosi wa mteja, ni wahalifu wasiohusiana kwa lolote na mzee wa watu anayeandika hirizi mtaani kwa ustaarabu wake. Mpaka huo kati ya hirizi njema na ramli mbaya haupo. Umechorwa na watu wanaotaka kubaki na kimoja bila kuwajibika kwa kingine.

Inafaa kwanza vitu vyenyewe vitajwe kwa majina yake, kwa kuwa neno hirizi limekuwa kapu linalotiwa kila kitu. Kwa asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya hifadhi, na kitu chenyewe ni maandishi yanayokunjwa, yakashonewa ndani ya ngozi au kitambaa, yakafungwa mkononi, kiunoni au shingoni, hasa kwa mtoto mchanga. Talasimu, ambayo Waarabu waliipokea kutoka kwa Wayunani, ni mchoro au maandishi yanayodaiwa kuvuta nguvu za nyota. Kombe ni maandishi ya zafarani ndani ya sahani, yanayooshwa kwa maji au marashi ya mawaridi na kunywewa. Fingo hufukiwa ardhini ili kulinda mahali. Vingi kati ya hivi vilikuwa kinga au tiba. Kuvifanya vya bahati, yaani vya kuleta mali, mchumba na ushindi, ni upanuzi wa biashara, na mtu anayetazama mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme mijini ataona kwamba upanuzi huo umekwisha kuimeza kinga: pete ya bahati, mvuto wa biashara, kusafisha nyota, na chini yake namba ya simu.

Ni wachache waliowahi kufungua hirizi zao, kwa sababu huambiwa kwamba ikifunguliwa hupoteza nguvu, sharti ambalo kwa fundi lina faida iliyo dhahiri. Ndani yake, mbali na aya na majina ya malaika, mara nyingi mna jedwali la namba liitwalo wafaku. Lililo dogo na mashuhuri kuliko yote lina vyumba 9: mstari wa juu una 4, 9 na 2, wa kati 3, 5 na 7, wa chini 8, 1 na 6. Namba hizo zikijumlishwa kwa mlalo, kwa wima au kwa mshazari, jibu ni 15. Zile za pembe nne, yaani 2, 4, 6 na 8, zikisomwa kama herufi za Kiarabu huunda neno buduhu, ambalo halina maana yoyote na labda kwa sababu hiyo limeheshimiwa mno. Jedwali hilo hilo lilijulikana China kabla ya kuandikwa kwa Kiarabu, na huko nako lilitungiwa hadithi ya kobe aliyetoka mtoni akiwa nalo mgongoni. Ni hesabu nzuri, na mwanafunzi wa darasa la 5 aliyefundishwa vyema aweza kuithibitisha kwa dakika chache. Kinachobaki bila kuelezwa ni njia ambayo hiyo 15 huipitia mpaka imfikie mteja aliye barabarani akitafuta sukari.

Falaki, yaani elimu ya nyota inayotumiwa kumchagulia mteja hirizi inayomfaa, nayo hujigamba kwa usahihi wa hesabu. Fundi huchukua jina la mteja na la mama yake, huipa kila herufi thamani yake katika mpangilio wa abjadi (alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hadi 1,000), hujumlisha, hugawanya kwa 12, na baki ndiyo nyota. Achukuliwe Ali mwana wa Amina. Herufi za Ali ni 70, 30 na 10, jumla 110. Za Amina ni 1, 40, 50 na 5, jumla 96. Kwa pamoja ni 206, ambayo ikigawanywa kwa 12 hubakiza 2, nyota ya Ng'ombe. Lakini herufi ya mwisho ya jina la mama huandikwa kwa umbo la he na hutamkwa te neno linapounganishwa na jingine, na fundi atakayeihesabu kuwa te ataipa 400 badala ya 5. Jumla itakuwa 601, baki 1, na Ali huyo huyo ataamka akiwa na nyota ya Punda, ambayo Waarabu huiita Mwana-kondoo. Jiwe la pete yake litabadilika, siku zake za kusafiri zitabadilika, hata ubani wake utabadilika. Na hata mafundi wote wakikubaliana juu ya herufi ile, bado kila Ali wa Amina katika pwani nzima, awe nahodha au mfungwa, atakuwa na nyota moja.

Mtetezi wa hirizi akifikishwa hapa huhama. Hasemi tena kwamba hirizi inafanya kazi. Husema inampa mtu kujiamini, na kwamba kujiamini ndiko kunakofanya kazi. Hoja hii ilipata heshima ya kisayansi mwaka 2010, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, wakiongozwa na Lysann Damisch, waliporipoti kwamba watu walioambiwa kuwa mpira wao wa gofu ni wa bahati waliutumbukiza shimoni mara nyingi kuliko wenzao. Jaribio hilo lilikuwa na watu 28 tu, na mwaka 2014 wanasaikolojia wa Marekani walipolirudia kwa watu wengi zaidi hawakuiona tofauti hiyo. Aidha, kujiamini kulikokopwa kwenye pete huondoka na pete. Katika soka, ambako hirizi huitwa ndumba na wanaozishughulikia hupewa jina la staha la kamati ya ufundi, timu huingia uwanjani kwa mlango usio rasmi kwa kuogopa kilichofukiwa kwenye mlango rasmi, hulipa faini, kisha hufunga au hufungwa kama timu nyingine yoyote. Februari 2002, mjini Bamako, Thomas N'Kono, kipa wa zamani aliyekuwa kocha wa makipa wa Cameroon, alikamatwa na polisi kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Mali kwa tuhuma za kutupa hirizi uwanjani. Cameroon ilishinda 3-0, na anayetaka kuuhesabu ushindi huo kuwa kazi ya hirizi akumbuke kwamba timu hiyo ilikuwa bingwa mtetezi.

Lau kama hirizi ingekuwa kitu cha bure tu, isingestahili hasira ya mtu. Watu hununua vya bure vingi. Uzito wa jambo hili uko katika yale ambayo hirizi humfundisha mwenye kuivaa kuhusu bahati yenyewe, na fundisho hilo limo wazi katika lugha ya waganga na wateja wao. Nyota ya mtu hufunikwa, huibiwa, huchezewa, riziki hufungwa, fedha huvutwa, mwili hutupiwa mkosi. Vitenzi hivyo vyote viko katika kauli ya kutendwa, na kila kauli ya kutendwa humwachia msikilizaji swali moja: na nani? Mwaka 1965 mwanaanthropolojia wa Marekani George Foster, aliyewachunguza wakulima wa kijiji cha Tzintzuntzan nchini Mexico, alieleza fikra ya namna hii, kwamba mema yote ya duniani, yakiwemo mali, afya na mapenzi, yana kipimo kisichoongezeka, hivyo aliyezidishiwa ni lazima awe amempunguzia mwingine. Foster hakuwa akizungumzia Tandale wala Kongowea, lakini maelezo yake yanaikaa hirizi ya bahati kama kanzu iliyopimwa: bahati haizalishwi, huhamishwa tu, na anayeikosa ameibiwa.

Imani ya chuma ulete yatosha kuonyesha jinsi fundisho hilo linavyofanya kazi. Huaminiwa kwamba mtu aweza kulipa dukani kwa noti iliyotiwa dawa, na noti hiyo ikazivuta fedha za droo na kumrudia nazo mwenyewe. Sasa lichukuliwe duka dogo linalouza kwa siku bidhaa za shilingi 80,000 kwa faida ya asilimia 10, yaani shilingi 8,000. Mwenye duka akichota humo 4,000 za mboga, 3,000 za bodaboda, 2,000 za vocha na 1,000 za mchango wa msiba, ametumia 10,000, na mtaji umepungua kwa 2,000 bila mtu yeyote kuingia na noti ya ajabu. Baada ya siku 30 pengo ni 60,000, rafu zimeanza kuonyesha mbao, na hakuna daftari la kueleza fedha zilikokwenda. Mganga haulizi daftari. Atatoa dawa ya kuweka ndani ya droo, na kwa kuwa dawa ya kuzuia wizi haiuziki bila mwizi, atamwacha mteja wake ajiulize ni nani aliyefungua duka hivi karibuni upande wa pili wa barabara, na ni mama gani aliyekuja kununua chumvi magharibi. Jina la mwizi halikutamkwa na mganga; mwenye duka amerudi nyumbani akiwa nalo kichwani.

Huko majina hayo yanakofika kunajulikana. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudaiwa kuwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, ambayo mtu aliyepika miaka 50 kwa kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha hana namna ya kuyakwepa. Kisha, katika miaka ya 2000, yakaanza kuripotiwa kwa wingi mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao vilitafutwa kwa ajili ya wachimbaji wa madini, wavuvi na watu wengine wenye uchu wa utajiri. Vitu hivyo vinapaswa kuitwa kwa jina lake: vilikuwa hirizi za bahati. Havikutengenezwa kwa ajili ya kumdhuru adui; mnunuzi alitaka dhahabu ionekane na sangara waingie wavuni, kama vile mwenye duka anavyotaka wateja. Ualbino ni hali ya kurithi, inayotokea mtoto anapopokea kutoka kwa baba na mama, wote wawili, jeni yenye kasoro katika kutengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho. Ndani ya mfupa wa mwenye ualbino hamna cha ziada. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisitisha leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huo mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ikatangaza tena marufuku dhidi ya wapiga ramli. Na mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka 2 mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao, na mwili wake ukapatikana baadaye ukiwa umeondolewa viungo. Marufuku zote hizo zilimlenga mganga mbaya. Bidhaa aliyokuwa akiiuza, yaani bahati, iliachwa sokoni.

Imebaki hoja ya mila, ambayo husemwa kwa sauti ya uchungu, kana kwamba kuikosoa hirizi ni tabia iliyoletwa na wageni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Mombasa mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, na miongoni mwa aliyoyapiga vita katika maandishi yake ni ushirikina wa watu wake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar aliendeleza kazi hiyo baada yake. Basi pwani ina mila mbili katika suala hili, ya kuvaa hirizi na ya kuikosoa, na anayeitaja moja tu amechagua. Wala hakuna anayelazimika kumkemea mama aliyemfunga mwanawe hirizi huku kadi ya kliniki ikiwa na chanjo zote, au kumchanganya muuza bahati na tabibu wa mitishamba, ambaye nchini Tanzania anatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na ambaye mizizi yake yaweza kupelekwa maabara ikapimwa.

Lililo mikononi mwa umma ni soko. Redio na magazeti yanayopokea fedha za matangazo ya kusafisha nyota yanaweza kuyakataa kuanzia wiki hii, na halmashauri zinazojua kutoza ushuru wa mabango zina uwezo wa kuyang'oa ya pete za bahati kwenye nguzo. Msomaji atakayeambiwa kwamba nyota yake imefunikwa aulize, kabla ya kulipa, ni nani anayetakiwa kumshuku.