KABLA YA KUSEMA "KABEMENDWA", FUNGUENI NEPI MWANGALIE CHOO!

Arobaini ya mtoto wa staa mjini hapa ni shughuli. Kile kikatuni kilichokuwa kinafunika sura ya mtoto mtandaoni kinaondolewa, picha zinaachiwa, keki inakatwa, mashabiki wanapiga vigelegele. Halafu anatokea mmoja, anavuta picha karibu, anauliza: "Mbona macho ya mtoto ni ya njano?" Hapo ndipo ubuyu unapoanza kumwagika. Miezi ikisogea, tumbo la mtoto likaanza kuvimba na mikono ikakonda, mtaa unatoa hukumu: kabemendwa huyo. Eti mama hakutulia, karudi kwenye starehe kabla ya wakati. Au baba mtoto kachepuka, kisha kaja kumbeba mwanawe.

Jina kapuni, maana si la mtu mmoja. Leo ni msanii, kesho ni mama lishe, keshokutwa ni mke wa bosi. Kisa ni kile kile na hukumu ni ile ile. Kumbe mara nyingine tatizo ni la ini, na dalili yake ilikuwa ndani ya nepi tangu wiki za mwanzo, ila hakuna aliyeambiwa aitazame.

Madaktari wanauita biliari atresia. Kwa Kiswahili cha nyumbani, ni kuziba kwa mirija ya nyongo. Ini hutengeneza nyongo, nayo hushuka kwa mirija mpaka kwenye utumbo, ambako husaidia kusaga mafuta. Nyongo hiyo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Mtoto mwenye ugonjwa huu mirija yake imeharibika na kuziba. Nyongo inakosa njia, inajaa kwenye ini na kuliharibu taratibu. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakolea kama chai ya rangi, na choo kinapauka: cheupe, kijivu, au rangi ya ule udongo wanaokula wajawazito.

Ni ugonjwa adimu. Huko Ulaya unakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Chanzo chake bado kinatafutwa, lakini hauletwi na alichokula mama, wala na alikolala baba. Na hauna subira: bila matibabu, wengi wa watoto hawa hawavuki miaka miwili.

Sasa kwa nini unachelewa kugundulika? Kwa sababu kila mtu ana maneno mazuri ya kumtuliza mama. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata manjano siku za mwanzo, na wengi hupona wenyewe ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo bibi anasema, "Mwanangu, muanike jua la asubuhi tu, yataondoka." Jirani anasema, "Dada, mnyonyeshe sana." Hata kwenye kituo cha afya jibu linaweza kuwa hilo hilo. Na mtoto mwenyewe anawadanganya: ananyonya, ananenepa, anacheka. Nani ataamini kwamba ini linaharibika? Isitoshe, ngozi nyeusi haionyeshi njano upesi, na mzazi wa pwani anakaa ndani na mwanawe siku 40, mapazia yameshushwa. Macho ya mtoto yatatazamwa saa ngapi kwenye mwanga wa kutosha?

Tatizo ni kwamba jua haliwezi kufungua mrija ulioziba. Manjano yakipita siku 14, mtoto anahitaji kipimo cha damu kinachotofautisha aina mbili za manjano: yale ya kawaida, na yale yanayotokana na nyongo kukosa njia ya kutoka. Hata anayenyonya vizuri anahitaji kipimo hicho. Kuambiwa "subiri" mara ya pili na ya tatu bila kupimwa ndiko kunakomaliza watoto.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mzazi angeijua. Upasuaji wa kwanza wa ugonjwa huu uliasisiwa na daktari wa Japani, Morio Kasai, miaka ya 1950. Kipande cha utumbo wa mtoto huunganishwa moja kwa moja na ini ili nyongo ipate pa kupita. Unafanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Baada ya hapo nafasi inapungua, na akipita siku 90 inapungua zaidi.

Basi pigeni mahesabu. Arobaini ni siku 40. Kliniki ya chanjo ya wiki 6 ni siku ya 42, zimebaki 18 tu. Chanjo ya wiki 10 ni siku ya 70, muda mzuri umeshapita. Ya wiki 14 ni siku ya 98. Yaani mama anayeambiwa kwenye wiki ya 6 kwamba "tutamwangalia tena akija chanjo ijayo" ameshapoteza nafasi bora ya mwanawe, na hana habari.

Ndani ya siku hizo chache ndimo maneno ya kubemenda yanapofanya uharibifu. Mwanamke anayesemwa kwamba kamharibu mtoto kwa tabia zake hakimbilii hospitali, anajificha. Atafunika mtoto kwa khanga, ataacha kuposti, atapelekwa usiku kwa mtu wa dawa za mizizi, dawa ambazo ini lile bovu ndilo litakalobeba mzigo wake. Mume naye ananuna badala ya kutafuta nauli. Wanaochekea ubuyu huo wanadhani wanamchoma mama, kumbe wanamlia mtoto siku zake.

Watasema ugonjwa wenyewe adimu, kwa nini mama wote watiwe hofu? Lakini kutazama nepi hakugharimu hata shilingi, na mama anaifungua mara kadhaa kwa siku. Choo cha njano kama bizari, cha kijani au cha kahawia, hakuna shida. Kilichopauka, twende hospitali leo, na nepi yenyewe ibebwe ikaonwe. Taiwan walianza nchi nzima mwaka 2004 kuwapa wazazi kadi yenye picha za rangi za choo, na watoto waliofanyiwa upasuaji kabla ya siku 60 wakaongezeka. Japani nao wakaiweka kwenye daftari la mama na mtoto mwaka 2012. Hiyo ni karatasi yenye rangi, si mashine ya mabilioni. Kadi ya kliniki ya huku kwetu haiwezi kukosa nafasi ya picha sita. Na nesi, hata kama foleni imefika getini, swali la "choo chake rangi gani?" halichukui nusu dakika.

Wengine watasema hata akigundulika mapema, si kila hospitali ina daktari wa kufanya upasuaji huo. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba upasuaji si uponyaji wa moja kwa moja, na wengi baadaye huhitaji ini jingine. Ila mtoto wa siku 30 ana muda wa kupewa rufaa, na upasuaji ukikubali anaweza kuishi miaka mingi na ini lake mwenyewe. Aliyefika na miezi sita, ini limeshakomaa kwa makovu, anabaki na mlango mmoja: kupandikizwa ini, ambako kwa familia nyingi za huku maana yake ni safari ya India, mzazi mmoja akatwe kipande cha ini lake, na michango ya mamilioni ambayo mara nyingi haifiki kwa wakati.

Mastaa wanaweza kusaidia bila hata kufanya tamasha. Wapo wanaolipwa kutangaza nepi, wanazisifia hazivuji na hazichubui. Tangazo lijalo waongeze sentensi moja: kabla ya kuitupa, angalia rangi. Mashabiki nao, safari nyingine mkiona macho ya njano kwenye picha ya kichanga, msimuulize mama alilala wapi. Muulizeni mtoto ana siku ngapi, na choo chake kikoje.

Wadau, mtaani kwenu mama akilalamika mtoto ana manjano, anaambiwa nini kwanza?