Wanunuzi wa Subaru za tabo wanalipia giaboksi isiyo mbovu

Katika soko la magari yaliyotumika ya mwendo kasi, hasa Subaru Impreza WRX za gia za mkono, kuna maneno mawili yanayoshusha bei kuliko kutu na kuliko bodi iliyonyooshwa baada ya ajali. Maneno hayo ni "gia zinagoma". Yakishatamkwa, dalali hukata kiasi cha giaboksi nzima, muuzaji hukubali kwa kuwa hana la kujibu, na gari hubadili mikono kabla boneti haijafunuliwa. Maoni ya safu hii ni kwamba bei ya namna hiyo haina msingi, na anayeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo ambaye mtaji wake wote uko ndani ya gari moja au mawili.

Impreza WRX ilianza kuuzwa Japan mwishoni mwa 1992. Colin McRae alishinda nayo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000, na tangu hapo gari hili halihitaji mpiga debe Afrika Mashariki. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Impreza za zamani zinazouzwa huko ni zile zile zinazozunguka mikononi mwa watu. Gari lililopitia wamiliki watano limepitia mafundi wasiopungua watano, na kila fundi amemimina mafuta yake.

Klachi ya magari haya haivutwi kwa waya. Pedali inasukuma masta ya juu, iliyofungwa kwenye ukuta wa injini. Masta hiyo inasukuma mafuta ya breki kupitia bomba hadi silinda ndogo ya chini iliyo juu ya giaboksi, nayo ndiyo inayosogeza uma na beringi ili klachi iachie. Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Upepo ukiingia, au mpira wa ndani ukichoka, mguu unafika chini ilhali klachi haijaachia sawasawa. Shafti ya giaboksi inaendelea kuzungushwa na injini, na dereva anayelazimisha gia namba moja anasikia meno yakisaga. Masikioni mwa mnunuzi huo ni mlio wa giaboksi iliyokufa.

Kipimo cha kwanza hakigharimu hata senti. Zima injini, kisha ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa ulaini, washa injini na urudie. Kama sasa namba moja na rivasi zinakataa, mashaka yahamie kwenye klachi. Rivasi ndiyo hupiga kelele ya kwanza kwa sababu katika giaboksi nyingi za gia tano haina sinkronaiza ya kuituliza. Baada ya hapo pampu pedali mara tatu haraka haraka ujaribu tena; gia ikiingia baada ya kupampu, kuna upepo ndani au masta ya juu imechoka. Mwisho, gari likiwa mahali tambarare, weka namba moja, kanyaga klachi hadi mwisho na uishikilie huku injini ikinguruma taratibu. Gari likianza kujivuta baada ya sekunde kadhaa, mafuta yanapita pembeni ya mpira ndani ya masta. Ugonjwa huu wa mwisho huwadanganya wengi, maana hakuna tone linaloonekana chini na kikombe cha mafuta kimejaa.

Tone likiwepo, litafutwe mahali pawili: ndani ya gari nyuma ya pedali, ambako kapeti huwa na unyevu, na chini ya kifuniko cha mpira cha silinda ya chini. Hii ya pili iko chini ya interkula, kwa hiyo mkaguzi mvivu haifikii.

Yako matatizo ambayo kweli ni ya giaboksi, na mnunuzi asijidanganye. Gia moja tu, tuseme namba tatu, ikisaga kila unapobadilisha upesi na zingine zikiwa salama, hiyo ni sinkronaiza iliyolika, na hapo kushusha giaboksi hakukwepeki. Gia zikiwa ngumu asubuhi na kulainika gari likipata moto, tazama kwanza oili, kwa kuwa giaboksi ya mkono ya Subaru inatumia oili moja na difu ya mbele na wapo wanaojaza yoyote iliyopo dukani. Tatizo la mafuta ya klachi huenda kinyume: asubuhi gari ni zuri, jioni kwenye foleni gia zinakataa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 140 tu. Katika gari la tabo lililosimama kwenye joto la foleni, hiyo si tofauti ya kupuuza. Kuhusu wanaoongeza oili ya injini au ya stelingi kwenye kikombe cha klachi, itoshe kusema kwamba mipira yote huvimba na kuharibika, na kazi inaanza upya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari linaulizwa shilingi milioni 14, na mnunuzi anakata milioni 3 za giaboksi. Anampelekea fundi asiyepima, naye ananunua giaboksi ya mtumba Gerezani na kuifunga. Siku ya kwanza gia zinaingia, kwa kuwa wakati wa kufunga fundi alitoa upepo kwenye klachi. Wiki ya tatu zinagoma tena, kwa kuwa masta ya juu ni ile ile. Sasa mnunuzi ana giaboksi mbili, deni moja, na gari ambalo hawezi kuliuza. Angelipima kwanza, angeanza na masta, silinda ya chini na mafuta mapya, kazi ambayo haihitaji giaboksi kuteremshwa hata kidogo.

Kuteremsha kwenyewe kuna hatari yake. Impreza nyingi za tabo za gia tano za miaka ya 1990 zina klachi ya kuvutwa, ambayo beringi yake imejifunga kwenye presha pleti. Pini ya uma lazima itolewe kwanza kupitia tundu lake ndipo giaboksi iachane na injini. Fundi asiyelijua hilo hutumia mtaimbo, na gharama ya mtaimbo hulipwa na mwenye gari.

Mnunuzi aulize pia kama klachi imebadilishwa kuwa ya mashindano. Presha pleti ngumu inadai nguvu zaidi kutoka kwa masta ile ile ya kiwandani, bomba la mpira linavimba pedali ikikanyagwa, na mabano ya pedali yanaweza kupinda. Vijana wengi wa magari huhesabu klachi hiyo kama nyongeza ya thamani. Sisi tungeihesabu kuwa sababu ya kukagua mara mbili, na bomba la kusuka kwa chuma tungelipa alama zaidi.

Upo upande wa pili wa biashara hii ambao hausemwi hadharani. Muuzaji mjanja hutoa upepo asubuhi ya siku ya kuonyesha gari, na kwa saa kadhaa pedali ni ngumu na gia ni laini. Ndiyo maana tunashauri gari lijaribiwe likiwa na moto, baada ya nusu saa ya foleni halisi, na si uani kwa muuzaji. Naye muuzaji ambaye tatizo lake ni masta tu hana haja ya kukubali kukatwa bei ya giaboksi: abadilishe masta na mafuta kabla ya kutangaza gari, aweke risiti mezani, na amwachie mnunuzi ufunguo ajaribu namba moja na rivasi mwenyewe.