Kanpo na Kazi Iliyotungoja

Mwanafunzi arejeaye kutoka Japani huulizwa kwanza habari za sushi. Swali si baya (na samaki mbichi ni watamu, msidanganywe), ila katika ziara yangu ya masomo nilivutiwa zaidi na maneno. Wajapani husema ishoku dogen, yaani chakula na dawa chimbuko lake ni moja. Ndiyo maana tangawizi hukaa jikoni na pia ndani ya kakkonto, dawa yao ya mafua.

Kakkonto ni mojawapo ya dawa za kanpo, tiba iliyotoka Uchina ikalelewa Japani hadi ikawa ya wenyewe. Kitabu cha tiba kikongwe zaidi kilichosalia nchini humo, Ishinpo, kilikamilishwa mwaka 984. Tangu mwaka 1976 bima ya afya ya taifa imegharimia dawa nyingi za aina hiyo, na daktari aandikaye antibiotiki ndiye huyo huyo aandikaye kanpo. Wala hazikusazwa kuhojiwa: katika miaka ya 1990 shosaikoto ilihusishwa na vifo vya wagonjwa wa ini waliopatwa na nimonia, na masharti ya kuitumia yakakazwa.

Je, sisi? Ni tasnifu ngapi katika idara zetu zimekusanya istilahi za waganga wa mitishamba? Mzee ajuaye tofauti ya kuchemsha mwarobaini na kuuloweka anazeeka bila kuulizwa. Wanakemia wana maabara zao. Majina, vipimo na miiko ni kazi yetu. Heri tasnifu moja ya namna hiyo kila mwaka kuliko ya tano kuhusu riwaya ile ile.