Usiulize mashine ina traki ngapi, uliza inatoa faili gani

Leo naomba nitofautiane kidogo na wanaowashauri vijana wanaoanza biashara ya kurekodi kwaya, kaswida na harusi. Ushauri unaozunguka ni ule ule: tafuta mashine yenye traki nyingi. Nane chache, 16 angalau, 24 ndiyo kazi. Mimi nasema traki zije baadaye. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: nikishamaliza kurekodi, sauti inatoka kwenye mashine yako ikiwa faili gani, na kompyuta ya mtu mwingine itaisoma?

Nimelipia somo hili. Nilinunua mashine ya mtumba yenye traki 24, bei nzuri kabisa, nikajiona nimeula. Kazi ya kwanza kubwa ikawa kwaya moja huku Amani. Tulirekodi nyimbo nane kutwa nzima, mvua ikinyesha tunasimama, ikikatika tunaendelea. Kesho yake nikateremka Tanga mjini kwa kijana anayenimiksia. Akachomeka memori kadi, kompyuta ikaandika kwamba kadi haijafomatiwa, je, ifomatiwe? Kijana akabonyeza ndiyo.

Sikumlaumu sana. Mashine ile ilikuwa inaandika nyimbo kwa mtindo wake yenyewe, kwenye sehemu ya kadi ambayo kompyuta haiijui. Ilitakiwa kwanza, pale pale kwenye mashine, nitoe kila wimbo kuwa WAV ndipo nichomoe kadi. Mimi sikujua. Niliyeniuzia naye hakusema, na sikumuuliza.

Nikapanda tena Amani. Mwalimu wa kwaya, mzee wa watu, aliitikia shikamoo yangu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hela ile ni ya iliki na pilipili manga. Wale kina mama walichanga kidogo kidogo." Nikarudia kazi yote bure, nauli juu yangu. Lakini dada aliyeongoza wimbo wa tatu alikuwa ameshahamia Dar es Salaam. Sauti yake haimo mpaka leo.

Sasa tusidhani ni matatizo ya mashine za bei rahisi. Roland VS-880 ilipotoka 1996 watu waliigombania, lakini iliweka sauti kwa namna yake yenyewe kwenye diski yake. Alesis HD24, mashine ya watu wa kazi, ilitumia mpangilio wake wa diski ambao kompyuta ya kawaida haiufungui bila programu maalumu. Mashine hizi bado zinazunguka sokoni kwa mtumba, na nyingine zinapiga vizuri tu. Ila ukinunua, ujue unanunua na kazi ya kuhamisha sauti. Upande mwingine kuna kitu kama Zoom R16, ambayo inarekodi traki nane kwa wakati mmoja na inaandika WAV moja kwa moja kwenye kadi. Kwa mtu anayeanza, nane hizo zinazosomeka kila mahali ni bora kuliko 24 zilizofungiwa ndani.

Na hata WAV zenyewe hazifanani. Kuna zile namba 44.1 na 48, yaani sauti imechukuliwa mara 44,100 au mara 48,000 kwa sekunde. Muziki wa CD ni 44.1, kazi za video huwa 48. Baadhi ya mashine ndogo zinakubali aina moja tu. Kuna mashine au programu ikipewa faili ya 44.1 ikaipiga kama ya 48, wimbo wa dakika 4 unaisha kwa dakika 3 na sekunde 40 hivi, na besi wa kwaya anasikika akiimba juu kidogo kuliko sauti yake halisi. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, mpigie simu anayekumiksia, muulize anataka ipi, na biti 16 au 24. Simu ya dakika moja.

Halafu kuna ukubwa. Traki moja ya biti 24 kwenye 48 inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Traki nane, saa moja, inapita GB 4. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu WAV ya kawaida haivuki GB 4, na kadi iliyofomatiwa kwa FAT32 nayo haikubali faili moja kuzidi hapo. Mashine inayoweka traki zote kwenye faili moja italazimika kuikata vipande. Ibada ndefu au harusi, jua mapema itakatwa wapi.

Wateja nao wanatuletea biti walizopokea kwa WhatsApp. Mashine inakataa, mtu anabadilisha jina la faili, anafuta mp3 anaandika wav. Jamani, kubadilisha kibao cha duka hakubadilishi bidhaa! Na hata ukigeuza MP3 kuwa WAV kwa programu, faili inanenepa tu, kilichotupwa hakirudi. Mwambie aliyetengeneza biti atume WAV yenyewe, na aitume kama dokumenti, siyo kama ujumbe wa sauti.

Najua wapo watakaosema mteja wa kwetu hajali haya, yeye anataka wimbo uingie kwenye simu na kwenye redio ya bodaboda. Kweli, na mimi MP3 nampa. Lakini mwaka unapita, kwaya hiyo hiyo inataka kutoa video, au inataka kuongeza kinanda, au kupunguza ngoma. Mwenye WAV za traki zote anapata kazi ya pili. Mwenye MP3 anaomba radhi.

Hapa ndipo nawakera wenzangu: traki hizo mpe mteja. Wapo wanaozificha ili arudi kwao. Mimi naziweka kwenye flashi, zote zikianzia sifuri hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu, ili atakayezifungua popote zikae sawa bila kukisia. Kila faili ina jina la sauti, siyo namba tupu. Flashi nailipisha, na tangu nianze hivyo waliorudi ni wengi kuliko walioondoka.

Mashine ile ya traki 24 bado ninayo. Anayeitaka nitamuuzia, na nitamkalisha chini nimuonyeshe kwanza namna ya kutoa WAV.