KULIPIMA JUA NI KAZI YA KILA SIKU

Wapo wanaouliza: kuna faida gani kuwalipa watu mishahara ili walitazame Jua, ambalo kila mtu huliona bure? Swali hilo si la kudharauliwa, maana fedha zinazotumika ni za walipa kodi. Sisi twajibu kwamba faida ipo, tena kubwa.

Jua lina nguvu ya sumaku. Hakuna awezaye kulifikia na dira mkononi, lakini nuru yake hutuletea habari. Mwaka 1896 Mholanzi Pieter Zeeman aligundua kuwa sumaku huifanya mistari iliyomo katika rangi za nuru itanuke na kugawanyika. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale, juu ya Mlima Wilson huko California, aliona jambo lilo hilo katika nuru ya madoa ya Jua. Kadiri mistari inavyoachana, ndivyo sumaku ilivyo kali; na katika madoa makubwa ukali huo huupita wa sumaku ya Dunia mara elfu kadhaa.

Nguvu hiyo ikifyatuka, dhoruba yake yaweza kufika kwetu. Tarehe 13 Machi 1989 jimbo la Quebec, Kanada, liliingia gizani kwa muda wa saa 9 hivi, na watu wapatao milioni 6 wakakosa umeme.

Wengine husema vyombo vilivyorushwa angani vyatosha. Hatukubali. Vyombo hivyo havizuiliwi na mawingu, lakini kimoja kikiharibika ni vigumu fundi kukifuata. Darubini iliyo ardhini hufunguliwa, hutengenezwa, ikarudi kazini. Mtandao wa GONG, ulioanza kazi mwaka 1995, una vituo 6: California, Hawaii, Australia, India, Visiwa vya Canary na Chile. Jua likimtua mmoja, limekwisha kumchea mwenzake. Novemba 2022 lava ya Mlima Mauna Loa ilikata barabara na umeme wa kituo cha Hawaii. Vituo vingine vikabaki kuubeba mzigo.

Ncha za sumaku ya Jua hugeuzana kila baada ya miaka 11 hivi. Kwa hiyo kipimo cha mwaka mmoja hakitoshi. Yafaa baba apime na mwana apokee. Siku isiyopimwa hairudi.

Twazitaka serikali zenye vituo hivyo zisilipunguze fungu lao ati kwa kuwa taa bado zawaka. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.