Kelele za matatu huanzia gereji, si barabarani

MKAZI yeyote wa mtaa uliopakana na njia ya matatu jijini Nairobi anaufahamu mngurumo ule wa alfajiri. Dereva hukanyaga mafuta gari likiwa limesimama kituoni, na vioo vya madirisha vikatetemeka hadi orofa ya nne. Mwandishi huyu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitoka kazini saa saba za usiku, huamshwa nao kabla hajamaliza saa nne za usingizi.

Gari haliondoki kiwandani na sauti hiyo. Hupelekwa kwa fundi, sailensa ikakatwa, na mahali pake pakachomelewa bomba tupu. Sababu inayotolewa ni kwamba moshi ukipita bila kizuizi injini hupata nguvu. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwa maana bomba linalobana kupita kiasi huilazimisha injini kupoteza nguvu ikisukuma moshi. Lakini gari la abiria linalosimama kila hatua halina mahali pa kuitumia nguvu hiyo ndogo ya ziada. Linachouza ni mngurumo wenyewe, kwani vijana huchagua gari linalovuma. Nauli huenda kwa mwenye gari. Kelele humwendea mgonjwa na mtoto wa shule ambao hawakupanda.

Sailensa si mkebe wa kuziba moshi, kama wengi wanavyodhani. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mipigo 100 ya moshi kila sekunde, na kila mpigo ni wimbi la sauti. Bomba la kipenyo cha sentimita 5 likifunguka ghafla ndani ya chumba cha sentimita 20, sehemu kubwa ya wimbi hurudi lilikotoka, ilhali moshi wenyewe unaendelea na safari. Chumba kama hicho chaweza kupunguza takriban desibeli 18, nayo si haba: sikio huhesabu kila desibeli 10 kuwa kelele maradufu.

Hata hivyo, faida hiyo hutegemea urefu wa chumba, ambao hufaa zaidi ukiwa robo ya urefu wa wimbi. Katika moshi wa nyuzi 350 sauti husafiri karibu mita 500 kwa sekunde, hivyo wimbi la mipigo 100 lina urefu wa mita 5 na chumba chake kingehitaji mita moja na robo. Nafasi hiyo ni adimu chini ya gari. Ndiyo maana wahandisi hugawa kazi: vyumba kadhaa vifupi vyenye mabomba yaliyotobolewa, kingine cha pembeni kinachomeza mvumo mzito, na sufi ya kioo ya kunyonya sauti kali. Anayekikata kifaa hicho kwa msumeno hufuta hesabu nyingi kwa dakika chache.

Huko Ulaya, sheria ndiyo iliyowasukuma watengenezaji. Mwaka 1970 gari dogo liliruhusiwa kutoa desibeli 82. Kanuni za mwaka 2014 ziliweka ngazi za kushusha kiwango hicho hadi 68.

Kenya nayo haikukosa sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliharamisha gari linalozidi desibeli 84 likiongeza kasi, na kuweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi. Tatizo ni kwamba desibeli hupimwa kwa chombo, na afisa wa trafiki anayesimamisha matatu hana chombo hicho mfukoni. Bila kipimo, kesi hugeuka ubishi baina ya sikio la afisa na la dereva.

Sailensa iliyokatwa, kwa upande mwingine, huonekana kwa macho. Mkaguzi anahitaji kupiga goti na kumulika tochi tu. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria hautoshi, maana sailensa yaweza kufungwa leo na kukatwa kesho; mulika hiyo ifanywe pia kwenye vituo vya matatu, bila taarifa. Na faini isimwangukie dereva peke yake. Yeye hulikuta gari likiwa tayari limekatwa, wala si yeye aliyemlipa fundi.