Ukipeleka kompyuta kwa fundi, usiseme tu "nitengenezee"

Leo nasema kitu ambacho mafundi wengine hawatanipenda nacho, ila acha niseme.

Kompyuta ya duka ikigoma kuwaka, wengi wetu tunaibeba mbio mpaka kwa fundi: "Nitengenezee hii, nina haraka." Fundi anaangalia, anaona Windows haipandi, anapiga windo mpya. Jioni inawaka safi kabisa. Unalipa, unarudi dukani, unafungua, daftari la madeni halipo. Unaanza kumtukana fundi. Lakini jamani, aliambiwa atengeneze kompyuta na ametengeneza. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani kuna pesa za watu.

Kutengeneza kompyuta na kuokoa data ni kazi mbili tofauti, na mara nyingi moja inaua nyingine. Mimi nina steshenari, shule niliishia form four, haya mambo nimejifunza mwenyewe usiku kwa simu na kwa kushika kompyuta za watu. Na nilichokiona ni kwamba data nyingi za maduka haziuawi na hadi diski kufa. Zinauawa na kile kinachofanyika saa chache baadaye.

Iko hivi. Ukifuta faili au ukafomati kwa ile njia ya haraka, diski za zamani zile zinazozunguka hazifuti maandishi yenyewe. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa zingine zote zipo, ila huna cha kukuonyesha kipi kiko wapi. Sasa ukipiga windo mpya, unaandika gigabaiti zaidi ya 10 juu ya kurasa hizohizo. Palipoandikwa juu ndiyo basi tena, hakuna programu wala mtaalamu wa kupasoma. Na kama kompyuta yako inatumia SSD hali ni mbaya zaidi, maana ile ina utaratibu wa kusafisha yenyewe sehemu zilizofutwa. Ukichelewa kuizima unaweza kukuta peupe.

Kuna dada jirani yangu anauza vipodozi kwa jumla, anawakopesha wenye saluni. Madeni yote yalikuwa kwenye Excel. Kompyuta ikagoma, fundi akapiga windo, ndipo akaniletea. Tuliichomoa diski, tukaiunganisha kwenye kompyuta nyingine, tukaipitisha kwenye PhotoRec, programu ya bure kabisa. Ilirudisha faili mamia, lakini hairudishi majina. Kila faili inakuja na herufi f na namba ndefu. Siku mbili tunafungua moja moja: picha za harusi, ankara, nyimbo. Tukapata daftari la madeni, ila la miezi mitatu nyuma. Waliokopa baada ya hapo ilibidi awapigie simu mmoja mmoja. Wapo waliosema ukweli. Wapo waliosema "mbona nilishalipa dada." Utambishia na nini?

Kwa hiyo sentensi ya kwanza kwa fundi iwe hii: "Kompyuta siijali, nataka data." Halafu muulize ataanza na nini. Akisema "tupige windo kwanza tuone," funga begi lako uondoke, hata kama ni rafiki yako. Akisema atachukua kopi ya diski nzima kwenye diski nyingine kisha afanye kazi kwenye hiyo kopi, huyo kaa naye. Ipo programu ya bure inaitwa ddrescue, inatumika kwenye Linux, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, halafu inarudi kuhangaika na zile mbovu. Fundi anayeijua hiyo hababaishi. Na data zilizookolewa zisihifadhiwe kwenye diski ileile zilikotoka, maana utakuwa unazifunika zile ambazo hazijatoka.

Sasa kabla hujafika kwa fundi. Kama ni diski ya nje, badilisha waya, jaribu tundu lingine, jaribu kompyuta nyingine. Mara nyingine diski ni nzima, kilichokufa ni kile kikadi kidogo cha kuunganishia. Kompyuta ikikuuliza kama ufomati diski ndiyo uitumie, bonyeza Cancel. Hilo swali limemaliza watu wengi.

Ukisikia diski inalia tik, tik, tik, zima hapohapo. Usiwashe tena "kuona kama imepona." Ndani kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kichwa kikishaharibika, kila ukiwasha kinaweza kukwangua sahani, na kinachokwanguliwa ndiyo data zako. Ile habari ya kuiweka kwenye friza achana nayo, inaingiza unyevu. Na mtu akitaka kuifungulia mezani dukani kwake, vumbi la barabarani linaingia, mnyang'anye. Diski hufunguliwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya kompyuta yenyewe.

Hapo kwenye gharama ndipo tofauti yangu na wanaosema lipa chochote ilimradi data zirudi. Mimi nasema kaa chini kwanza uandike nini hasa kimepotea. Miamala ya simu, mtandao wako una taarifa yake. Benki nao. Mauzo yaliyopita kwenye mashine ya EFD, TRA wanayo. Ankara za mzigo, muuzaji wa jumla ana kopi. Stoku utaihesabu upya usiku mmoja na mdogo wako. Kisichopatikana popote ni madeni, yaani nani kachukua nini bila kulipa. Kama jumla ya madeni ni ndogo kuliko bei uliyotajiwa, iache diski ipumzike. Kama ni kubwa, lipa, lakini mkubaliane mapema kwamba zisiporudi unalipa kiasi gani.

Na hilo daftari la madeni lenyewe kwenye Excel mara nyingi halifiki hata megabaiti 1. Ukifunga duka jitumie WhatsApp, au liweke Google Drive, wanatoa gigabaiti 15 bure. Kopi ya kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo siihesabu kama kopi. Mwizi anabeba vyote pamoja.

Kitu kingine watu wanasahau: fundi akikubadilishia diski, ondoka na ile ya zamani hata kama imekufa. Sisi wa steshenari tuna kopi za vitambulisho vya watu mle, vyeti, mikataba ya nyumba. Kwako imekufa, kwa mwingine mwenye muda na PhotoRec bado inasomeka.